Mrenda wa Mlango wa Nyuma

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Binti wa bibi niliyekuwa nikimtunza aliniita jikoni Ijumaa moja asubuhi, akanikunjulia gauni la kulalia la mama yake na kuniuliza lile doa la kijani kifuani ni la kitu gani. Ningejibu sijui, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nimezaliwa na mama wa Kiluhya, na kitu kile nakijua hata nikifumbwa macho. Nikanusa, nikasugua kwa vidole viwili, kikateleza vile kinavyoteleza. Nikamwambia kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani ugenini, kwamba huu ni mrenda, mboga ya kwetu, tunaila na ugali.

Yule binti hakufurahi. Alilikunja gauni taratibu, akalitia kwenye mfuko wa plastiki vile polisi wanavyotia ushahidi, halafu akaniuliza swali moja tu: mboga ya kwenu imefikaje kifuani mwa mama yangu?

Nikamwambia si mimi niliyempa. Na kana kwamba hiyo haitoshi, macho yake yakaenda kwenye mkoba wangu pale juu ya kiti, na ndani ya mkoba, jamani, kulikuwa na kifungu cha mrenda mbichi. Nilikuwa nimepitia sokoni Cabramatta jana yake, kwa yule mama wa Kivietnamu anayeuza majani ya kila aina, nikasahau kukitoa. Majani yalikuwa yamechungulia nje. Hata mimi ningekuwa hakimu ningejifunga.

Nyumba yenyewe ilikuwa Lidcombe, kitongoji kimoja cha Sydney, ya matofali mekundu, na bibi alikuwa Mgiriki wa kisiwa cha Kipro, hicho hicho cha kwenye Biblia. Wajukuu zake walimwita yaya, ambalo kwao ni bibi. Kwetu yaya ni mimi, na siku nilipomweleza tulicheka wote wawili, yaya kwa yaya. Alikuwa mdogo wa umbo mwenye mikono mikubwa, mikono ya mtu aliyelima ujanani na kushona kiwandani baada ya kuhamia Sydney. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Kiingereza kilitangulia kuondoka, kikabaki cha kuombea maji tu. Kigiriki chake kikazidi, nami nikajifunza cha kutosha kumvika na kumwogesha bila kugombana.

Tatizo lilikuwa chakula. Bibi alikuwa hataki kula, labda vijiko viwili vitatu kwa siku. Nikimpikia supu, anafunga mdomo. Binti yake akimletea vile vyakula vya kwao vya kuoka, anageuza uso ukutani. Daktari alikuwa ameshasema wazi kwamba akizidi kukonda haitawezekana kumwacha kwake, itabidi apelekwe nyumba ya wazee, na binti alikuwa ameshamtafutia chumba. Bibi alijua. Mengine yote alisahau, hata kama mumewe yu hai au amekufa, lakini hilo halikumtoka. Kila asubuhi nikimfunga vifungo vya sweta alinishika kifundo cha mkono na kuniomba nisiwaachie wamtoe nyumbani kwake. Nilimwambia basi kula, bibi yangu, kula kidogo tu. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, akafunga mdomo.

Sasa mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nimekulia Mombasa, nyumba ya kupanga, familia chungu nzima na choo kimoja, na huko usiposhuku sabuni yako inatembea. Yule binti nilimshuku tangu mwanzo. Niliona mwanamume wa suti akizunguka nje akipiga picha madirisha, nikajiambia, ehe, nyumba za Lidcombe siku hizi ni mali, mama akiondoka tu kibao cha kuuza kinasimamishwa mbele. Naye alinishuku mimi. Alipachika kamera jikoni juu ya friji, akaniambia ni kwa usalama wa mama. Niliisalimia kila asubuhi, habari za leo kamera, ili ajue kwamba najua.

Lakini chuki yake hasa haikuwa kwangu. Sebuleni kulikuwa na picha ya kijana mwenye sare za jeshi, mdogo wa marehemu mume wa bibi, aliyepotea katika vita na Waturuki na mifupa yake haijaonekana hadi leo. Chini ya picha kulikuwa na taa ya mafuta, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kuhakikisha haizimiki. Binti kila akipita hapo alijipiga ishara ya msalaba. Auburn, walikojaa Waturuki, ni stesheni moja tu kutoka pale, lakini yeye alizunguka na gari kwenda mbali kununua mkate ili asinunue kwa Mturuki. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila haya, kama mtu anayekueleza kwamba hali samaki kwa sababu anamdhuru.

Basi siku ile ya gauni nilijitetea mpaka koo likakauka. Nilimwambia aangalie kamera yake. Akasema ameshaiangalia, na haoni nikimlisha mama kitu chochote kijani, na hilo ndilo linalomtia wasiwasi zaidi, kwamba ninajua pa kujificha. Loo! Mtu akishaamua wewe ni mwizi, hata kutokukuta na kitu anakuhesabia kuwa ni ujanja. Akasema atanipa nafasi moja, na doa lile likionekana tena atapiga simu kwa ajensi iliyoniajiri.

Niliondoka nimekasirika, na kama kawaida ya mtu aliyeshukiwa, nikatafuta wa kumshuku mimi. Wikiendi bibi alitunzwa na mwenzangu Mkongo, mama wa Bukavu, mcheshi, mwenye kupenda kupika. Nikasema huyu hapa. Nikampigia simu kwa maneno matamu, nikamzungusha na habari za watoto na kanisa, mwishowe nikamwuliza kama huwa anampa bibi mboga za kwetu. Alinishtukia mara moja. Akataka kujua hiyo mboga ilikuwa na rangi gani ya mafuta juu yake. Nikasema haikuwa na mafuta mekundu, ila ilinukia ndimu.

"Dada, mie sipikake bila mawese," akasema. "Na ndimu ndani ya mulenda, ni nani huyo mwenye wazimu?"

Alisema kweli. Kwetu mrenda tunautia magadi, kwao mawese, lakini ndimu hakuna anayetia. Halafu nikaanza kuunganisha mambo. Gauni lilichafuka Alhamisi, baada ya mimi kumvika la kulalia mchana na kuondoka. Na sisi wa kazi hii tunajua siri za mwili kuliko madaktari: kila Ijumaa choo cha bibi kilikuwa kizuri, uso umechangamka, na siku nyingine zote tunahangaika na dawa. Mimi zamu yangu iliisha saa saba mchana. Binti alirudi kutoka ofisini jioni. Katikati bibi alilala, na kitufe cha kuitia msaada kikining'inia shingoni. Kulikuwa na mtu anayeingia humo Alhamisi mchana.

Nikasema nitamkamata. Siyo kwa ajili ya bibi peke yake, nitasema kweli, ni kwa ajili ya jina langu pia.

Alhamisi iliyofuata nikamlaza bibi, nikaiaga kamera, nikafunga mlango wa mbele kwa kishindo. Nikaenda mpaka kwenye kona ya kuelekea stesheni, nikageuka, nikarudi kwa kichochoro cha nyuma cha kutolea mapipa. Nikasimama kwenye ua wa jirani ambao haukuwa na mtu, nyuma ya kibanda. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyopiga picha kwa simu. Bibi alikuwa na bangili za dhahabu alizozificha ndani ya soksi, na mimi niliyekuwa nikimvalisha soksi hizo niliogopa nisije nikasingiziwa na bangili pia.

Hakukawia. Akaja mzee mmoja amevaa kofia ya sufu na koti juu ya sweta, kapu mkononi, anatembea polepole anaangalia nyuma. Huyu ni mwizi mzoefu, nilijiambia. Akapitisha mkono juu ya lango la nyuma, akalifungua komeo kwa ndani bila hata kulitazama. Bibi, ambaye nilimwacha amelala, alikuwa ameshatoka na mkongojo wake na kukaa barazani nyuma, nywele amezichana, anamngoja.

Mzee alinawa mikono kwenye bomba la uani. Akatoa kwenye kapu kitambaa safi, akamfunga bibi shingoni. Akatoa bakuli lenye mfuniko, na harufu ikanifikia hadi nilipo: mrenda, nyama ya kuku, nyanya na ndimu. Bibi akafungua mdomo. Jamani, yule bibi aliyenifungia mdomo mimi miezi yote ile, aliufungua kama kifaranga. Alikula, akapokea kijiko mwenyewe, akala tena, akapangusa bakuli kwa mkate, huku wanasemezana kwa Kigiriki na kucheka. Nilisahau hata kupiga picha. Nilifurahi, halafu papo hapo nikaona wivu, kwa nini huyu na siyo mimi.

Nikajitokeza langoni, nikamwuliza yeye ni nani na anatafuta nini humo. Mzee aliruka akasimama mbele ya bibi, mikono ameitandaza, mzee mzima mwenye magoti mabovu. Alidhani mimi ni jasusi wa binti. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha Auburn kwamba anaondoka, harudi tena, ila nimwache bibi amalize kula. Nikamwuliza tena yeye ni nani.

"Huyu ni dada yangu," akasema.

Nikacheka, na kicheko hakikuwa kizuri. Nikamwambia nimeiona tasbihi yako mfukoni, mzee, na huyu bibi ana msalaba kifuani, huo undugu mmeununua duka gani. Ndipo akaniambia, huku anaangalia mlango wa nyumba, kwamba kijijini kwao Wagiriki na Waturuki walikaa ukuta kwa ukuta. Mama yake bibi alishikwa na homa baada ya kujifungua, hakuwa na maziwa. Mama yake yeye, Mturuki wa nyumba ya pili, alikuwa amejifungua yeye majira yale yale. Akamchukua yule mtoto wa kike wa Kigiriki akamweka upande mmoja, na wa kwake upande wa pili, akawanyonyesha wote mpaka wakaacha.

Alitaka kuendelea kunieleza maana yake katika dini yake, nikamkatiza. Mimi ni Mkristo lakini nimekulia Mombasa. Pale mtaani kwetu kulikuwa na kijana na msichana waliokaribia kabisa kuoana, mpaka shangazi mmoja akakumbusha kwamba walinyonya ziwa moja, na harusi ikaishia hapo, biriani la posa likaliwa kwa huzuni. Nikamwambia mzee: nyinyi ni ndugu wa kunyonya. Akasema ameishi Australia miaka mingi na mimi ndiye mtu wa kwanza asiye wa kwao ambaye hakuhitaji kumfafanulia.

Hata hivyo sikumwamini moja kwa moja, mimi ni mimi. Nilimgeukia bibi nikamwuliza kwa Kigiriki changu kibovu huyu ni nani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la jua, akasema ni kaka yangu, akarudi kwenye bakuli.

Mengine mzee alinieleza barazani pale, kidogo kidogo, Alhamisi zilizofuata. Walipotezana kijiji kilipogawanyika, Waturuki wakahamia kwao na Wagiriki kwao. Wakaja kukutana Sydney kwa bahati katika kiwanda cha nguo, yeye mpiga pasi, bibi mshonaji. Hawakuonyesha kama wanajuana. Mume wa bibi alikuwa ameshampoteza ndugu yake vitani, asingevumilia kusikia habari za Mturuki. Kwa hiyo mzee alikuwa akija kila Alhamisi, siku mume alipokwenda klabuni kucheza karata, kupitia nyuma, na bakuli la ile mboga aliyokuwa akiipika mama yao. Wagiriki wengi wa huko hawaijui, ni mboga ya Waturuki, na bibi alizaliwa nayo mdomoni. Mume alikufa. Mlango ukabaki ule ule wa nyuma, kwa sababu ya binti.

Sikumwambia binti. Nikawa namfunga bibi kitambaa kikubwa ili gauni lisichafuke, na bibi akaongezeka mwili kidogo. Lakini mrenda una tabia zake, unavutika. Doa likaonekana tena, kwenye mkono wa sweta, na safari hii binti hakuniita jikoni. Alipiga simu ajensi, halafu ndipo akaniambia, amesimama chini ya ile picha, kwamba Jumatatu atakuja mtu mwingine, na mama yake atapelekwa nyumba ya wazee ambako angalau atajua anakula nini.

Ningefanyaje? Nilimwambia yote. Nilimwambia nani, siku gani, mlango upi, na ziwa la nani.

Sijapata kuona uso ukibadilika vile. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Mturuki? Ndani ya nyumba ya baba yangu?" Akakaa kitini akaitazama ile picha ya ami yake kana kwamba anamwomba msamaha. Halafu akili yake ikaanza kufanya kazi ile niliyoizoea. Anataka nini huyo mzee? Nani alimwelekeza nyumba? Ni hati ya nyumba anayoitaka? Amekuwa akimlisha nini? Na mimi nimelipwa nini kunyamaza? Kila alichouliza na mimi nilishakiuliza nyuma ya kibanda, kwa hiyo sikuweza hata kumkasirikia vizuri. Jioni hiyo akanunua kufuli kubwa, akalifunga lango la nyuma. Ajensi aliwaambia waniache kwanza, na nadhani ni kwa sababu alitaka niwe karibu aniangalie.

Alhamisi bibi alichana nywele akakaa barazani. Alikaa mpaka kivuli kikamfika miguuni. Siku iliyofuata hakula hata kijiko, wala iliyofuata. Akaanza kukataa hata maji, na ngozi ya mikono ikalegea ukiivuta hairudi. Nilimwogopea, nikalia bafuni mbele ya mashine ya kufulia.

Binti naye hakuwa na moyo wa jiwe, hilo lazima niliseme. Siku moja alinikuta nikiingia akanishika mkono, mkono ule ule aliokuwa akinishika mama yake, akaniuliza naipata wapi ile mboga. Nikamletea kutoka Cabramatta. Akaipika mwenyewe, na ndimu, na kuku, akionja na kukunja uso. Mimi niliona inafanana kabisa. Akapiga magoti mbele ya mama yake na kijiko. Bibi akafunga mdomo. Binti akabaki na magoti sakafuni na kijiko mkononi, mboga ikivutika mpaka kwenye zulia, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba basi nimwite huyo mtu. Ila atakuja kwa mlango wa mbele, na yeye atakuwepo aone kwa macho yake.

Mzee alikuja amevaa suti ambayo bila shaka ni ya mazishi, kapu mkononi. Alikuwa hajawahi kukanyaga ile baraza ya mbele, alitafuta kengele hakuiona. Binti hakumpa mkono. Alimpitisha sebuleni, chini ya picha na taa, mpaka alipokuwa amekaa bibi. Akasimama mlangoni, mikono amekunja, akamwuliza mama yake kwa Kigiriki, taratibu, ili asikosee:

"Unamjua mtu huyu?"

Bibi akamtazama binti. Akamtazama mzee, tangu viatu mpaka kofia. Uso wake ukakaza. Nilikuwa sijamwona bibi akiwa na akili timamu kiasi kile.

"Simjui," akasema. "Sijawahi kumwona."

Nikamwambia, bibi, ni kaka, kaka yako wa Alhamisi. Hakunitazama hata kidogo. Alirudia kwa sauti kavu kwamba hamjui, na kwamba hapo nyumbani hakuna mtu. Binti akanigeukia. Hakuwa na furaha, lakini alikuwa na ule utulivu wa mtu aliyejua tangu zamani. Akamwonyesha mzee mlango.

Nilimfuata mzee barazani nimekasirika na kuona haya, na wazo baya likaniingia kwamba labda alitudanganya wote, labda bibi alikuwa akimfurahia kwa sababu ya chakula tu. Nikamkuta ameshikilia nguzo, anatetemeka. Nilidhani ni uchungu. Lakini mzee alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka.

Akaniambia kwamba kijijini, mambo yalipoanza kuharibika, kabla hata ya vita vyenyewe, walikuja asubuhi vijana wa Kigiriki wa kijiji kingine wenye bunduki, wakitafuta wanaume wa Kituruki. Na wa upande wangu walifanya yao kwingine, akasema, usidhani nakwambia kwa kuwa sisi ni malaika. Dada yake alimwingiza ndani ya tanuri la mkate uani, akaweka kuni mbele, akaenda kusimama mlangoni. Wakamtajia jina la kaka yake, wakamwuliza, unamjua mtu huyu? Mzee alisikia kila neno akiwa kwenye majivu. Dada yake alijibu simjui, sijawahi kumwona, hapa nyumbani hakuna mtu.

"Kwa sauti ile ile," mzee akasema. "Bado ananificha."

Nikageuka. Binti alikuwa nyuma ya mlango wa wavu, amesikia. Alisema ni uongo. Alisema mama yake angemwambia. Ile "angemwambia" ikabaki pale hewani, nikamwona anaisikiliza yeye mwenyewe. Halafu akachukua funguo za gari mezani, akaniambia mimi, hakumwambia mzee, kwamba anatoka. Nimruhusu aingie, halafu tutaona.

Aliliwasha gari kwa kelele makusudi, akarudi nyuma, akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani kwa bibi. Alikuwa ameinua kichwa, anausikiliza ule mngurumo mpaka ukaishia kwenye kona. Akaninong'oneza swali. Nikamjibu ndiyo. Mikono ikamlegea mapajani, akamwita kaka yake, akafungua mdomo.

Nilimwacha mzee akimlisha, nikatoka kwa miguu. Gari nililikuta kwenye mtaa wa pili, limeegeshwa chini ya mti, binti ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa injini imezimwa. Akateremsha kioo.

"Amekula?"

Nikamwambia anakula, anakula vizuri, hataki hata kupumzika. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akajipangusa pua kwa kiganja.

"Ameniulizia mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimtazama yule binti ambaye alinitilia shaka kwa kila kitu, nikamhurumia, na uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini angejua. Watu kama sisi tunajua.

"Ameuliza kama umeshaondoka," nikamwambia.

Alipandisha kioo, akawasha gari, akalisogeza mbele zaidi, mpaka mtaa wa tatu, ili asije akasikika.